Transfoma ya 5K:8, spika ya omu 4 na valvu ya 6V6: je, vinaoana?

Swali la msomaji: "Mtaalamu, pole na kazi. Ninatengeneza amplifaya ndogo ya gitaa yenye valvu moja ya mwisho aina ya 6V6GT. Transfoma ya spika nimeitoa kwenye redio ya zamani, na juu yake pameandikwa 5K:8. Nilipoipima kwa mita, upande wa waya mwembamba ulisoma omu 320 na upande wa waya mnene omu 0.6, si 5000 wala 8. Je, imeungua? Spika nilizo nazo ni mbili za gari, kila moja omu 4. Kitabu changu cha chuo kinasema nguvu kubwa kabisa hupatikana pale ukinzani wa chanzo na wa mzigo unapokuwa sawa, nami sioni hata tarakimu mbili zinazolingana. Fundi mmoja wa vipaza sauti vya msikiti ananishauri niiache hii nitumie transfoma ya honi. Vipimo vyangu ni hivi: volti 320 kwenye kapasita ya kulainisha umeme, 308 kwenye anodi, 18.3 kwenye kathodi, na rezista ya kathodi ni omu 470."

Jibu: Ndugu yangu, transfoma yako ni nzima. Unganisha zile spika mbili kwa mfululizo ili zifanye omu 8, na transfoma ya honi usiitie kwenye amplifaya hii, ingawa iko amplifaya nyingine ambayo ingeifaa vizuri, nami nitaieleza mwishoni. Umefanya vyema kuandika vipimo vyako, kwa sababu bila hivyo ningelazimika kujibu kwa kubahatisha.

Kwanza zile omu 320 na 0.6. Mita yako hupima ukinzani kwa kupitisha mkondo mnyoofu, na kwa mkondo wa namna hiyo koili si kitu zaidi ya waya mrefu wa shaba. Upande wa anodi, yaani ncha ya valvu inayopokea elektroni, una maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba, ndiyo maana unasoma mamia ya omu. Upande wa spika una mizunguko michache ya waya mnene, nao unasoma sehemu ya omu moja. Transfoma ndogo ya redio yenye omu 320 upande mmoja na 0.6 upande wa pili ni ya kawaida kabisa. Iliyoungua husoma pengo tupu, yaani waya umekatika, au huwa na mizunguko iliyogusana, kasoro ambayo mita haiwezi kuionyesha kwa kipimo hiki lakini itajionyesha katika kipimo cha uwiano nitakachokueleza hapa chini.

Zile 5K na 8 zilizoandikwa juu yake ni jambo jingine, na hapa ndipo wajenzi wengi wapya wanapopotea. Transfoma haina omu 5000 ndani yake. Kilichomo ndani yake ni uwiano wa mizunguko, basi. Maandishi 5K:8 ni namna ya kuutaja uwiano huo kwa mtu anayejua atatumia spika gani. Tuseme mizunguko ya koili ya msingi (upande wa valvu) ni mara 25 ya ile ya koili ya upili (upande wa spika), na umeunganisha spika ya omu 8. Spika ikipata volti 1, itavuta ampea 0.125. Upande wa valvu volteji ni kubwa mara 25, yaani volti 25, na mkondo ni mdogo mara 25, yaani ampea 0.005. Gawanya 25 kwa 0.005, utapata 5000. Valvu inaona mzigo wa omu 5000 kana kwamba hakuna transfoma wala spika, bali rezista tu ya thamani hiyo. Kwa kuwa uwiano umefanya kazi mara mbili, mara moja kwenye volteji na mara moja kwenye mkondo, impedansi, yaani ukinzani kwa mkondo geu, hubadilika kwa kipeo cha pili cha uwiano: 25 mara 25 ni 625, na 625 mara 8 ni 5000.

Kutokana na hapo utaona mara moja kitakachotokea ukiweka spika moja ya omu 4 kwenye transfoma hiyo hiyo: 625 mara 4 ni 2500. Ukiweka omu 16, valvu itaona 10,000. Maandishi ya juu ya transfoma hayatabadilika, lakini mzigo wa valvu utakuwa umebadilika kabisa.

Kabla ya kuyaamini maandishi hayo, hakikisha. Sisemi hivyo kwa kukushuku wewe, bali kwa sababu redio za zamani zimepita mikononi mwa mafundi wengi, na transfoma iliyosukwa upya inaweza kubaki na lebo yake ya awali. Tafuta transfoma ndogo inayotoa volti 12 za mkondo geu. Chaja ya simu haifai, kwa maana inatoa mkondo mnyoofu. Unganisha zile volti 12 kwenye koili ya msingi, yaani upande wa omu 320, huku koili ya upili ikiwa haina kitu, kisha pima volteji ya pande zote mbili. Ukipata 12.4 upande mmoja na 0.5 upande wa pili, uwiano ni 24.8, kipeo chake cha pili ni 615, na kwa spika ya omu 8 valvu itaona omu 4920, jambo linalothibitisha lebo. Kama transfoma inapata joto au inanguruma ikiwa haina mzigo wowote, basi mizunguko imegusana ndani na hapo ndipo utakapokuwa na haki ya kuitupa. Usigeuze kipimo hiki kamwe: volti 12 zikiingizwa upande wa spika zitatoa volti 300 upande wa pili, na nyaya utakazokuwa umezishika kwa vidole ndizo zitakazokuwa na volti hizo. Angalia pia mita yenyewe. Zile mita ndogo za bei nafuu ambazo kipimo chake cha chini kabisa cha mkondo geu ni volti 200 haziwezi kusoma nusu volti kwa uhakika, kwa hiyo azima iliyo bora kwa kazi hii moja.

Kipimo hiki kina faida nyingine. Redio nyingi za Kimarekani zilizotumia 6V6 zilikuwa na spika za omu 3.2, na transfoma ya kubadili omu 5000 kuwa 3.2 ina uwiano wa karibu 40. Ukikuta uwiano wako ni 40 badala ya 25, lebo inakudanganya kwa faida yako, kwa sababu 40 mara 40 mara 4 ni 6400, na spika yako moja ya gari ingeingia moja kwa moja bila hila yoyote. Kwa sasa nitaendelea kwa kudhani kuwa ni 25.

Sasa tuje kwenye kitabu chako cha chuo. Kanuni inayosema nguvu kubwa hupatikana pale ukinzani wa chanzo unapolingana na wa mzigo ni ya kweli, ila inazungumzia chanzo ambacho volteji yake haina mpaka mwingine isipokuwa ukinzani wake wa ndani. Valvu si chanzo cha namna hiyo. Ukinzani wa ndani wa 6V6 unakaribia omu 50,000, ilhali mzigo unaopendekezwa na watengenezaji wake ni omu 5000, moja ya kumi tu. Valvu ya 2A3, ambayo ni triodi, yaani valvu isiyo na gridi ya skrini, iko kinyume chake: ukinzani wake wa ndani ni omu 800, na mzigo wake ni omu 2500, zaidi ya mara tatu. Katika valvu zote mbili hakuna kulingana, na wala si kosa la watengenezaji. Kinachoiwekea mpaka valvu ya mwisho ni vitu viwili vilivyo wazi zaidi: mkondo hauwezi kushuka chini ya sifuri, na volteji ya anodi haiwezi kushuka chini ya kiwango fulani kidogo. Mzigo ulio sawa ni ule unaoifanya valvu igonge mipaka yote miwili kwa wakati mmoja.

Tuvitumie vipimo vyako. Volti 18.3 zikigawanywa kwa omu 470 zinatoa miliampea 38.9, lakini huo ni mkondo wa kathodi, ncha inayotoa elektroni, ambao ndani yake umo pia mkondo wa gridi ya skrini, waya ulio kati ya kathodi na anodi. Mkondo wa anodi peke yake unaupata mahali pengine, na hapa ndipo zile omu 320 ulizodhani ni ubovu zinapokufaa: kutoka kwenye kapasita hadi anodi umepoteza volti 12, na 12 gawanya kwa 320 ni kama miliampea 37. Mita ya kawaida ikipima 320 na 308 kwa nyakati tofauti inaweza kukosea volti nzima, kwa hiyo ni afadhali kupima moja kwa moja kati ya ncha mbili za koili. Miliampea 36 za anodi na takriban 3 za skrini zinapatana vizuri na kipimo cha kathodi, nami nitazitumia hizo. Volteji inayoihusu valvu ni ile iliyo kati ya anodi na kathodi, yaani 308 toa 18, ambayo ni 290. Joto la anodi ni 290 mara 0.036, wati 10.4, chini ya kikomo cha wati 12 cha 6V6GT. Umeiweka mahali pazuri.

Valvu ikiwa imetulia inapitisha miliampea 36. Ishara ya gitaa ikiivuta chini, mkondo unaweza kushuka hadi sifuri, basi. Ikiisukuma juu kwa kiasi hicho hicho utafika 72. Kwa hiyo mwendo wa mkondo ni miliampea 36 kila upande. Volteji ya anodi nayo inaanzia 290 na inaweza kushuka hadi karibu 25, kwa maana chini ya hapo anodi haina tena nguvu ya kuvuta elektroni kama inavyotakiwa. Mwendo wake ni volti 265. Mzigo unaoyapatanisha mawili hayo ni 265 gawanya kwa 0.036, yaani kama omu 7400.

Huenda ukaniuliza nimeitoa wapi ile 25. Imo katika jedwali la 6V6 lenyewe la RCA, kampuni ya Marekani iliyotengeneza valvu, ukilisoma kwa makini. Kwa volti 180 na miliampea 29 jedwali linapendekeza omu 5500. Kwa volti 250 na miliampea 45 linapendekeza 5000. Kwa volti 315 na miliampea 34 linapendekeza 8500. Mtu anayejua tu kwamba "6V6 ni omu 5000" atashangaa kuona valvu ile ile ina mizigo mitatu, tena isiyopanda kwa mpangilio. Lakini toa 25 kwenye 250, gawanya kwa 0.045, utapata 5000 kamili. Toa 25 kwenye 315, gawanya kwa 0.034, utapata kama 8530. Kwa 180 toa 20, gawanya kwa 0.029, utapata kama 5520. Hakuna muujiza. Mzigo hautokani na jina la valvu, bali unatokana na volteji na mkondo uliouchagua wewe mjenzi, na anayenakili omu 5000 kutoka kwenye mchoro wa mtu mwingine huku akibadilisha volteji amenakili nusu ya mchoro.

Basi amplifaya yako ingependa 7400, na transfoma yako pamoja na omu 8 inaipa 5000. Je, ni hasara kubwa? Tupige hesabu ya nguvu bila kuhesabu upotevu. Kwa mzigo ulio chini ya 7400, mkondo ndio unaokwisha kwanza, na nguvu ni nusu ya mkondo kipeo cha pili mara mzigo. Omu 2500 zinatoa wati 1.6, omu 5000 zinatoa 3.2, na omu 7400 zinatoa 4.8. Ukipita hapo, volteji ndiyo inayokwisha kwanza, na nguvu inaanza kushuka tena: omu 10,000 zinatoa wati 3.5. Tofauti kati ya 3.2 na 4.8 ni chini ya desibeli 2, ambayo sikio huitambua likiwa linaisubiri, na si vinginevyo. Kutoka 4.8 hadi 1.6 ni desibeli karibu 5, na hiyo kila mtu ataisikia. Kwa hiyo spika moja ya omu 4 itafanya kazi, wala haitaharibu chochote, ila utakuwa umejenga amplifaya ya wati 5 ili upate moja na nusu.

Utaona kuwa 5000 na 10,000 zinakaribiana kwa nguvu, na mtu anaweza kudhani ni mamoja. Kwa triodi ningekubali. Kwa 6V6 na wenzake wenye gridi ya skrini, EL84 na EL34 wakiwemo, nakusihi sana uchague kukosea upande wa chini. Mzigo ukiwa mkubwa kupita kiasi, volteji ya anodi inaporomoka mapema katika kila wimbi, hadi inakuwa chini sana kuliko ya skrini. Elektroni zilizokuwa zikielekea anodi sasa zinakutana na skrini iliyo na volteji kubwa kuliko anodi, nazo zinaishia hapo. Skrini ya 6V6 ni waya mwembamba uliosokotwa, na kikomo chake cha joto ni wati 2 tu. Mpiga gitaa anayeongeza sauti mpaka amplifaya ikwaruze, na kila mpiga gitaa hufanya hivyo, ataifanya skrini ing'ae kwa wekundu. Kwa mzigo mdogo hali ni tofauti: valvu moja inayopitisha mkondo wakati wote haivuti mkondo wa wastani zaidi kwa sababu mzigo umepungua, na anodi inabaki na zile wati 10.4 ulizoipa. Kwa valvu mbili zinazopokezana katika mpangilio wa pushi-puli jambo hili halina usalama huo, kwa sababu huko mzigo mdogo huongeza mkondo na joto la anodi, lakini hilo si tatizo lako leo.

Mzigo mkubwa kuliko yote ni kutokuwa na spika kabisa. Waya wa spika ukichomoka wakati mtu anapiga, nguvu iliyohifadhiwa katika chuma cha transfoma haina pa kwenda, na volteji ya koili ya msingi inaweza kuruka hadi kutoboa insulesheni yake au kurusha cheche kwenye soketi ya valvu. Fender, watengenezaji wa magitaa na amplifaya, walilitatua hili zamani kwa kutumia jeki ambayo hujifunga yenyewe plagi ya spika inapochomolewa, ili koili ya upili iwe imeunganishwa ncha kwa ncha badala ya kuwa wazi. Tumia jeki ya aina hiyo. Inaonekana ajabu kwa aliyezoea amplifaya za transista, ambazo huungua ncha za spika zikigusana na hazijali spika ikichomoka, lakini kwa valvu mambo ni kinyume.

Kuhusu spika zenyewe, mbili za omu 4 ukiziunganisha kwa mfululizo, chanya ya moja ikiingia kwenye hasi ya nyingine, zinafanya omu 8, na valvu inapata 5000 zake. Zielekeze upande mmoja, na hakikisha zinasukuma hewa kwa pamoja. Betri ndogo ya volti 1.5 ikiguswa kwenye ncha za nje itakuonyesha kama koni zote mbili zinatoka au moja inatoka na nyingine inaingia. Zikipingana utapoteza sauti nzito na utailaumu transfoma bure. Usishtuke ukizipima kwa mita ukapata omu 3.4 badala ya 4: spika nayo, kama transfoma, husoma waya wake tu kwa mkondo mnyoofu. Na hata hiyo 4 ni jina la heshima. Kwenye masafa ambayo koni inapenda kutikisika yenyewe, impedansi ya spika hupanda mara kadhaa ya thamani iliyoandikwa, kisha hushuka ikakaribia thamani hiyo kwenye hezi mia chache, halafu hupanda tena polepole kuelekea sauti nyembamba. Kwa maneno mengine, valvu yako haitaona 5000 tulivu hata siku moja. Ndiyo maana nakushauri usikeshe ukitafuta transfoma ya 7400 kamili. Tofauti ya asilimia 20 au 30 humezwa na spika yenyewe, ila tofauti ya mara mbili inastahili kurekebishwa, na ya mara nne ni kosa la mchoro.

Spika za gari zina udhaifu mwingine usiohusiana na omu: nyingi hutengenezwa kwa ajili ya amplifaya kubwa, na kwa wati 3 zinatoa sauti ndogo kuliko spika ya gitaa ya inchi 10 au 12. Ukipata spika ya gitaa ya omu 8 baadaye, hiyo itakuongezea sauti kuliko transfoma yoyote utakayonunua.

Upotevu nao tuutaje kwa ufupi. Omu 0.6 za koili ya upili zinajiunga na omu 8 za spika, na omu 320 zinajiunga upande wa valvu, kwa hiyo mzigo halisi ni 625 mara 8.6 ongeza 320, ambazo ni 5695. Kati ya hizo, 5000 tu ndizo spika. Asilimia 12 ya nguvu inaishia kwenye shaba, kiasi kinachovumilika kwa transfoma ya redio, na kwa bahati upotevu huo huo umeusogeza mzigo wako kuelekea ile 7400.

Swali ambalo hukuliuliza, na ambalo kwa transfoma ndogo lina uzito kuliko omu 5000 au 7400, ni la sauti nzito. Koili ya msingi iko sambamba na mzigo, na masafa yakishuka koili hiyo huanza kula ishara. Kwa mzigo wa omu 5000, ili sauti ya hezi 80 ipungue desibeli 3 tu, koili inahitaji henri 10 hivi (henri hupima jinsi koili inavyozuia mkondo geu), na uzi mzito wa gitaa uko hezi 82. Transfoma ndogo za redio zilisukwa kwa ajili ya taarifa ya habari na spika ya inchi chache, na si ajabu ikakosa henri hizo mkondo wa miliampea 36 unapopita ndani yake. Huwezi kupima hilo kwa mita yako. Ukisikia uzi mzito umekonda huku mingine ikisikika vizuri, chuma ni kidogo, na kubadilisha spika hakutasaidia. Linganisha na Williamson, mhandisi aliyechapisha mchoro wake maarufu nchini Uingereza mwaka 1947: kwa mzigo wa omu 10,000 alidai koili ya msingi isiyopungua henri 100, na transfoma yake ilikuwa kipande kizito cha chuma ambacho mpiga gitaa hana haja ya kukibeba.

Sasa shauri la fundi wa msikiti. Transfoma za honi za mfumo wa volti 100, yaani zile zinazounganisha vipaza sauti na waya mrefu wenye volti hizo, zinapatikana kila mji wenye msikiti au kanisa, ni imara, na bei yake si kubwa. Omu zake hazikuandikwa, ila zinapatikana kwa urahisi: zidisha 100 kwa 100, gawanya kwa wati za ncha husika (koili yake ina ncha kadhaa, kila moja na wati zake). Ncha ya wati 10 ni omu 1000, ya wati 5 ni 2000, ya 2.5 ni 4000, na ya 1.25 ni 8000. Mtu anaona 8000, karibu sana na 7400, na anafurahi. Tatizo ni kwamba chuma chake kimepangwa bila pengo la hewa. Katika amplifaya yako miliampea 36 zinapita kwenye koili wakati wote kuelekea upande mmoja, na mkondo huo utakijaza chuma sumaku kabla hata hujagusa gitaa. Transfoma ya redio ya valvu moja ina pengo dogo la karatasi kati ya vipande vya chuma kwa sababu hiyo hasa. Ukitumia ya honi, sauti nzito itapotea na iliyobaki itakwaruza.

Ila siku utakapojenga ya valvu mbili kwa pushi-puli, mikondo ya valvu hizo inapingana ndani ya chuma na kufutana, na hapo transfoma ya fundi huyo inakuwa lulu. Tazama zile ncha: 8000 ni mara nne ya 2000, kwa hiyo ncha ya wati 5 iko katikati kabisa ya mizunguko iliyo kati ya ncha ya pamoja na ile ya wati 1.25. Anodi moja kwenye ncha ya pamoja, nyingine kwenye ya wati 1.25, na umeme wa volti kubwa kwenye ya wati 5, nawe una omu 8000 kutoka anodi hadi anodi, mzigo ule ule ambao jedwali linaupa 6V6 mbili kwa volti 285. Hata chuma hakilalamiki: wati 10 kwenye omu 8000 ni volti 283, na mizunguko ya ncha hiyo ni mara 2.83 ya ile ya wati 10, iliyosukwa kwa volti 100. Ukipata kubwa yenye ncha za wati 20, 10, 5 na 2.5 tu, mpangilio huo utakupa omu 4000. Weka spika ya omu 16 mahali palipoandikwa 8, nayo itakuwa 8000.

Sharti langu moja ni insulesheni. Transfoma hizo zilitengenezwa kwa volti 100, nawe utaipa 300 za mkondo mnyoofu pamoja na mwendo wa ishara juu yake. Mafundi wanaofunga umeme majumbani huwa na kifaa cha kupimia insulesheni kwa volti 500. Pima kati ya koili ya msingi na chuma, kisha kati ya koili mbili, na isiyosoma megaomu nyingi irudishe dukani. Chuma chake kiungwe kwenye chasisi, na chasisi kwenye waya wa ardhi. Na kwa amplifaya zote mbili, hii ya sasa na ile ijayo, weka rezista ya kiloomu 220 ya wati 2 sambamba na kapasita ya kulainisha: kwa mikrofaradi 47 volti 320 zitashuka karibu na sifuri ndani ya dakika moja baada ya kuzima. Ipime kwanza kapasita hiyo, ndipo uguse waya wowote wa transfoma.